Samani salama za chumba cha mtoto: namna ya kuchagua mbao, gundi, rangi na godoro

Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku. Wa miaka mitatu au minne hulala saa 10 hadi 13. Muda wote huo pua yake iko sentimita chache kutoka kwenye godoro, na akianza kuota meno, cha kwanza kutafunwa ni ukingo wa kitanda. Ukilinganisha na uzito wa mwili wake, anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Kwa hiyo fedha na umakini viende kwa mpangilio huu: godoro na kitanda kwanza, kisha vitu vyenye eneo kubwa la ubao, hasa kabati la nguo, kisha rangi ya kila kitu kinachofikiwa na mdomo. Kigoda na rafu ndogo ya vitabu vinaweza kusubiri.

Dukani au kwa fundi uliza maswali matatu tu: mbao hizi zimeshikwa na gundi gani, zimepakwa nini, na kingo zake zimefunikwa? Anayejua kazi yake atajibu. "Ni mbao halisi" si jibu, maana hata chipubodi ni mbao iliyosagwa.

Mbao na gundi

Sumu inayotajwa zaidi kwenye samani ni formaldehaidi, na inastahili kutajwa. Ni gesi inayowasha macho na koo, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Haitoki kwenye mti wenyewe kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Inatoka kwenye gundi ya yurea na formaldehaidi inayoshika chipubodi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa) na plaiwudi nyingi za matumizi ya ndani. Katika MDF gundi hiyo inaweza kufika karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa ubao. Tatizo lake ni kwamba haivumilii unyevu: maji yaliyomo hewani huivunja polepole na kuiachia gesi, na joto huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana kabati lilelile linaweza kuwa halina shida katika chumba kikavu chenye ubaridi, na likawasha macho katika chumba chenye joto na unyevunyevu kilichofungwa madirisha.

Kwa kitanda, chagua mbao nzima. Gundi yake iko kwenye viungo tu, na mara nyingi ni gundi nyeupe ya maji, ile ya PVA, ambayo ikikauka haina neno. Mbao zilizoungwa vipande kwa vipande kutengeneza ubao mpana nazo zinafaa, mradi gundi iwe ya aina hiyo. Mbao za paini hutoa harufu kali ya utomvu wiki za mwanzo. Ni mvuke wa asili, lakini mtoto mwenye pumu unaweza kumsumbua, hivyo ziache zipate hewa kwanza au chukua mbao ngumu zisizo na utomvu mwingi.

Kutambua mbao nzima si kazi. Fuata mistari ya ubao kutoka juu hadi ukingoni, kisha kwenye kichwa cha ubao. Kwenye mbao nzima mistari inaendelea na kugeuka nayo; kwenye ubao uliovikwa ngozi nyembamba ya mbao, mchoro unakatika ghafla ukingoni. Kisha chomoa droo uitazame chini, na uzunguke nyuma ya kabati. Huko ndiko watengenezaji huweka ubao wa bei nafuu kuliko wote, hata pale ambapo mbele pameng'aa kwa mbao nzuri.

Plaiwudi inategemea gundi. Ile ya kustahimili maji hushikwa na gundi ya fenoli, ambayo hutoa formaldehaidi kidogo sana. Kwa kawaida huonyesha mistari ya kahawia iliyokolea kati ya tabaka ukiitazama ukingoni. Ya ndani mara nyingi ina mistari iliyopauka. Rangi ya mstari ni dalili, haitoshi kuwa uthibitisho, kwa hiyo itumie kukusaidia kuuliza. Mianzi iliyobanwa kuwa ubao nayo ni zao la gundi. Usidanganyike na jina la mmea.

Ukilazimika kununua MDF au chipubodi, soma alama yake. E1 ya Ulaya maana yake ubao haukuzidi miligramu 0.124 za formaldehaidi kwa kila mita ya ujazo ya hewa ndani ya chumba cha majaribio. Kanuni za Marekani, zinazoandikwa CARB Phase 2 au TSCA Title VI, ni kali zaidi kwa baadhi ya mbao: sehemu 0.05 kwa milioni kwa plaiwudi ya mbao ngumu, 0.09 kwa chipubodi, 0.11 kwa MDF. Alama ya Japani yenye F na nyota nne ni miongoni mwa kali kuliko zote. Umoja wa Ulaya nao umeweka kikomo kipya cha miligramu 0.062 kwa samani kuanzia Agosti 2026. Bora kuliko hizi zote ni ubao ulioandikwa kuwa haukuongezwa formaldehaidi kabisa, ambao hushikwa na gundi ya aina nyingine. Alama ya FSC ni ya utunzaji wa misitu. Haisemi lolote kuhusu sumu, ingawa wauzaji hupenda kuionyesha unapouliza habari za sumu.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza formaldehaidi ndani ya nyumba isizidi miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo, kwa wastani wa dakika 30. Kikomo cha E1 kiko juu kidogo ya hapo. Tena ubao wa E1 hupimwa kwenye nyuzi joto 23, unyevu wa asilimia 45, hewa yote ikibadilishwa mara moja kila saa, na mita moja ya mraba ya ubao kwa kila mita ya ujazo ya chumba. Chumba chako kikiwa na joto zaidi, unyevu zaidi na hewa iliyotuama, alama hiyo haikulindi kama ulivyodhani.

Kwa hiyo pima wingi wa ubao. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 chenye urefu wa mita 2.5: ni mita za ujazo 22.5. Kabati la urefu wa mita 1.8, upana 0.9 na kina 0.5, lenye milango, mgongo na rafu mbili, lina takriban mita za mraba 6.8 za ubao. Ukihesabu pande zote mbili ni karibu 13.7. Gawanya kwa 22.5 unapata 0.6. Ongeza kitanda cha MDF chenye droo, meza na rafu ukutani, utafika 1, kile kiwango cha majaribio ya E1, au kuipita. Kila kimoja kina cheti, na jumla yake bado ni nzito kwa mtoto. Dawa nyepesi kuliko zote ni kupunguza: kabati moja la ubao badala ya mawili, kitanda cha mbao nzima, na nguo za msimu mwingine zihifadhiwe chumba kingine.

Kuziba ubao ulio wazi

Uso uliofunikwa kwa melamini au laminati hutoa gesi kidogo, kwa sababu tabaka lile ni kizuizi. Mvuke hutafuta njia kwenye kingo mbichi, mgongo usiopakwa, matundu ya skrubu na matundu ya kushikia rafu. Kuziba sehemu hizi ni kazi ya siku mbili, na inafaa hata kwa kabati ambalo umeshalinunua.

1. Toa droo, rafu na mgongo, upeleke kila kitu nje au kwenye baraza lenye hewa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha pakauke.
2. Lainisha kingo kwa msasa namba 180, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi. Vumbi la mbao na gundi lisiingie chumbani.
3. Paka tabaka la kwanza la shelaki au sila ya maji (rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao), jembamba. MDF hunywa tabaka hili na nyuzi zake husimama, hivyo litakuwa la kukwaruza. Hiyo ni kawaida.
4. Likikauka, pitisha msasa namba 240 kwa mkono mwepesi, futa, kisha paka matabaka mawili ya vanishi ya maji, ukingoja saa chache kati yake kama kopo linavyoelekeza.
5. Ziba matundu yasiyotumika kwa vifuniko vya plastiki au nta.

Lita moja ya vanishi hutosha takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa tabaka moja, hivyo lita moja inatosha mgongo na kingo za kabati la kawaida kwa matabaka mawili. Kosa linalorudiwa sana ni kupaka upande mmoja tu wa ubao mwembamba wa mgongo. Upande ule hunyonya unyevu tofauti na wa pili, ubao unapinda, na gesi inaendelea kutoka nyuma. Paka pande zote mbili.

Rangi na vanishi

Kwa rangi, adui mkubwa ni madini ya risasi. Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Huathiri ubongo unaokua, na madhara yake hayarudishwi nyuma. Haihitaji mtoto ale rangi: vumbi la rangi inayobanduka likigusa mikono yake, mikono ikaingia mdomoni, limeshafika. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa, na kinachotumika Marekani tangu 2009, ni sehemu 90 kwa milioni. Rangi za kushuku kwanza ni za mafuta zenye kung'aa, hasa njano, machungwa, nyekundu na kijani, kwa sababu ndiko kromati ya risasi hutumika kutia rangi. Risasi huongezwa pia kwenye rangi za mafuta ili zikauke haraka, kwa hiyo nyeupe nayo si ya kuaminiwa kwa macho. Kopo liandikwe wazi kwamba rangi haikuongezwa risasi, na liwe na jina la mtengenezaji anayewajibika. Rangi iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na lebo isiingie kwenye chumba cha mtoto, hata kama fundi anaiamini.

Kitanda cha kurithi kina uzuri wake, lakini kikiwa na rangi ya zamani kichukulie kuwa kina risasi mpaka maabara iseme vinginevyo. Vijiti vya kupima nyumbani vinavyogeuka waridi vinaweza kukosa risasi iliyofunikwa chini ya matabaka mengine. Usikikwangue kwa msasa mkavu na usichome rangi kwa moto. Ndivyo sumu iliyokuwa imetulia inavyogeuka vumbi na moshi wa nyumba nzima. Rangi ikiwa inabanduka, kitanda kiondolewe, sakafu ifutwe kwa maji na sabuni, na mtoto apimwe damu.

Ukishajiridhisha kuhusu risasi, tazama mivuke. Chagua rangi na vanishi za maji, na usome kwenye kopo gramu za kemikali zinazovukiza kwa lita. Chini ya 50 ni nzuri. Rangi za mafuta hufika 300 na zaidi. Rangi nyeupe yenye mivuke michache kabisa inaweza kupanda ikitiwa rangi ya kukolezea dukani, kwa hiyo uliza kama kikolezo nacho hakina mivuke. Samani zinazopulizwa vanishi inayokauka haraka kwa tina (kiyeyusho cha rangi) zitanuka kwa wiki nyingi, na vanishi zinazokomazwa kwa asidi hutoa formaldehaidi zenyewe, hata juu ya mbao nzima isiyo na kosa.

Alama ya EN 71-3 kwenye kopo maana yake rangi ilipimwa kama vitu vya kuchezea, kwa kutazama metali zinazotoka zikikutana na asidi mfano wa ile ya tumboni. Ndiyo unayoitaka kwa ukingo wa kitanda. Lakini haipimi mivuke; hiyo itafute kwenye zile gramu kwa lita.

Wanaopenda mafuta ya asili watumie mafuta ya kitani mabichi au mafuta ya mbegu za mti wa tung yasiyochanganywa, wakijua kwamba kitani kibichi kinaweza kuchukua wiki kadhaa kukauka. Kile kinachouzwa kwa jina la "kilichochemshwa" kwa kawaida kimetiwa chumvi za metali, kama kobalti na manganizi, ili kikauke haraka, na hakifai sehemu inayotafunwa. Matambara yaliyolowa mafuta haya hujipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka: yatandaze nje moja moja yakauke, au yaloweke kwenye maji kabla ya kuyatupa.

Na usichanganye kukauka na kukomaa. Vanishi ya maji hukauka kwa mkono baada ya saa mbili, lakini hukomaa kwa wiki mbili hadi nne. Kitanda kilichopakwa leo kisilaliwe wiki hii.

Godoro

Magodoro mengi ni sponji ya poliyurethani. Sponji yenyewe ikishakomaa haina shida kubwa. Shida ni vilivyoongezwa. Kwa miaka mingi sponji ilitiwa kemikali za kuzuia moto zenye bromini, za kundi la PBDE, ambazo hazishikamani na sponji: hutoka na kuwa vumbi la chumbani. Michanganyiko yake miwili iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kuzuia kemikali zinazodumu kwenye mazingira, mwaka 2009, na wa tatu mwaka 2017. Kwa hiyo sponji ya zamani inayomong'onyoka isipewe mtoto, wala isikatwekatwe kujazia mto. Kwa godoro jipya tafuta cheti cha CertiPUR kwa sponji, na OEKO-TEX Standard 100 daraja la I kwa kitambaa, ambalo ndilo la watoto hadi miaka mitatu.

Ganda la godoro ni muhimu kama ndani. Plastiki laini ya PVC hulainishwa kwa ftaleti, kemikali zinazoingilia homoni. Ulaya na Marekani zimeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa baadhi yake kwenye vitu vya watoto. Godoro lisilopenya mkojo unalihitaji, lakini kizuizi kiwe cha polithini au poliyurethani. PVC utaitambua kwa uzito wake na ile harufu ya pazia jipya la bafuni. Kitambaa kinachosifiwa kuwa hakishiki madoa kiulizwe kama kimetiwa kemikali za florini za kundi la PFAS, ambazo haziozi. Pamba inayofulika ni bora kuliko kitambaa chochote kilichotibiwa.

Mpira asilia ni mzuri isipokuwa kwa mwenye mzio wake. Nyuzi za usumba zilizoshikwa kwa mpira ni ngumu na hupitisha hewa. Sufi ni ya asili kabisa, lakini ni laini na ina vumbi, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja lazima alale juu ya kitu kigumu na bapa. Usalama huo wa pumzi hauuzwi kwa jina la "asilia". Godoro likae sawasawa kitandani: vidole viwili vikiingia kati yake na ubao wa pembeni, ni dogo mno.

Chuma, plastiki na vitu vya mitumba

Chuma kilichopakwa rangi ya poda na kuokwa tanurini, kwa karibu nyuzi 180 hadi 200, hutoa mivuke kidogo kuliko karibu kila kitu kingine. Ni chaguo zuri kwa fremu ya kitanda. Kitanda cha chuma kilichopulizwa rangi ya mafuta karakana ni jambo jingine. Kirudishe kwenye maswali ya risasi hapo juu. Rangi ya msingi yenye wekundu wa kahawia ni oksidi ya chuma na haina hatari hiyo. Yenye wekundu wa machungwa uliokolea kwenye chuma cha zamani inaweza kuwa oksidi ya risasi.

Plastiki geuza uitazame chini. Namba 2, 4 na 5 ndani ya pembetatu zinafaa kwa masanduku ya vitu vya kuchezea. Namba 3 ni PVC, iache.

Mbao za paleti zina mhuri. HT maana yake zilitibiwa kwa joto. MB maana yake zilifukizwa kwa bromidi ya methili, nazo zisiingie ndani. Hata ya HT hujui ilibeba nini, na doa la mafuta au kemikali haliondoki kwa randa. Mbao za nje zenye ukijani zinaweza kuwa zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na arseniki. Hizo usizichonge wala kuzichoma.

Baada ya kuleta nyumbani

Fungua plastiki zote siku hiyohiyo. Kaa na samani za ubao nje ya chumba cha mtoto wiki mbili hadi nne, droo zikiwa zimetolewa na milango wazi, mahali penye upepo na pasipo na mvua. Utoaji wa gesi ni mkali miezi ya mwanzo kisha hupungua, kwa hiyo anayetarajia mtoto anunue kabati mapema, asingoje wiki ya kujifungua. Mimea ya chunguni haisafishi hewa kwa kiwango cha maana. Madirisha mawili yanayotazamana, dakika 10 hadi 15 asubuhi na jioni, hufanya kazi kubwa zaidi.

Kupima maendeleo, funga kabati saa 24, kisha fungua baada ya kukaa nje kwa muda, maana pua huzoea harufu haraka. Macho yakiwasha, bado. Kutonuka hakuthibitishi kwamba ni salama, lakini kunuka kunathibitisha kwamba kazi haijaisha.

Usiweke vidonge vya nondo vya naftalini ndani ya kabati hilo. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD anaweza kuharibikiwa chembe nyekundu za damu kwa kuvaa nguo zilizohifadhiwa navyo.

Kila miezi sita piga magoti ukague miguu ya kabati na chini ya droo. Chipubodi iliyovimba kwa maji ya kudekia imeanza kuvunjika gundi, na hapo hutoa gesi upya kama mpya. Kipande kilichovimba hakizibiki kwa vanishi. Kibadilishe, kisha inua kabati kwa vipande vya plastiki vya sentimita mbili ili lisiguse sakafu, na ulifunge ukutani kwa skrubu ili mtoto akilipanda lisimwangukie.